Mzee Ngigi Akizima Redio

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu. Leo tunamkumbuka Mzee Ngigi, fundi wa magari wa Kitengela, aliyezikwa Jumamosi nyumbani kwake Isinya. Mzee Ngigi, fundi wa magari. Alikula chumvi nyingi, akaondoka usingizini, kwa hivyo leo hatukukutana kulia sana.

Ukimpelekea gari, kitu cha kwanza alizima redio. Ndiyo, hata kama ni kituo hiki. Kisha anakwambia, "Haya, endesha." Alitaka kusikia magurudumu. Na akishatengeneza gurudumu, lazima aketi kwenye kiti kilicho juu ya gurudumu hilohilo, mwende naye hadi Isinya na kurudi. Hapo ndipo unapewa ufunguo.

Bintiye, Ciku, anaikumbuka siku ya arusi yake. Walikuwa njiani kutoka Kitengela kwenda kanisani Kajiado, nyimbo zimepamba moto garini. Mzee akazima redio. Gurudumu la nyuma lilikuwa linanguruma. Walipofika Isinya akamsimamisha dereva, akapiga jeki, akalitikisa gurudumu. Likacheza. Beringi, zile gololi zinazolizungusha gurudumu, ilikuwa imekwisha, tena imeila habu, kile chuma kinachoshika gurudumu.

Ciku alitaka kulia. Magari mengine yalikuwa yametangulia, yamejaa pomoni. Kule kanisani, watu wa bwana arusi, Lesiamon, walishaanza kunong'ona kwamba bibi arusi amebadili nia.

"Nilimwambia, Baba, si twende tu polepole, hii utengeneze kesho," anasema Ciku. "Akaniambia, 'Nimekulea vizuri, siwezi kukupeleka na gurudumu kama hii. Kama anakupenda, atangoja.'"

Koti la suti likatundikwa mlangoni. Boda boda ikaleta habu mpya na beringi yake kutoka dukani. Ile ya zamani ilikuwa imeshikana na kutu, ikatoka kwa nyundo na jasho. Simu ya Ciku ikalia. Ni Lesiamon.

"Nikamwambia, Baba anabadilisha beringi. Nikajua ndoa imeisha. Halafu akaniuliza, 'Ya mbele ama ya nyuma?' Hapo nikajua nimepata mtu."

Kazi ilipokwisha, Mzee alimwambia Ciku asonge, akaketi kwenye kiti cha juu ya gurudumu alilotengeneza.

"Alinishika mkono mpaka Kajiado. Girisi yote ikabaki kwa glovu yangu. Kwa picha zote niko na mkono mmoja mweusi, na ninazipenda hivyo."

Jumamosi, Ciku na Lesiamon waliufuata mwili kwa gari lilelile la arusi. Kwaya ilikuwa ikiimba redioni. Walipokaribia Isinya, Lesiamon alinyoosha mkono, akaizima. Ciku akajikuta anatabasamu huku machozi yakimtoka. Gurudumu lilikuwa kimya.

Kwa mjane wake, Mama Waruguru, kwa Ciku, Lesiamon na jamaa wote, poleni sana. Mungu awafariji.

Nawe unayeendesha huku ukinisikiliza, kuna watu wako humo garini, ama wanakungoja nyumbani. Nina ombi ambalo mtangazaji huwa haombi. Nizime. Mpaka ufike Isinya, sikiliza gari lako.