Kiti cha Kumi na Mbili

Baba Mchungaji, Mwenyekiti wa Baraza la Wazee, wewe pamoja na mto wa kiti chako nilioushona kwa mikono yangu, wazee mnaosimikwa leo, akina mama, akina baba, na nyinyi mliosimama huko nyuma kwa sababu viti vyenye mikono vimetengewa wakubwa: Bwana asifiwe.

Nimepewa dakika tano za kuaga baada ya miaka tisa ya uzee wa kanisa. Mwenyekiti ameninong'oneza hapa, "Mama Cherehani, sema maneno ya kutia moyo." Nitajitahidi, baba, ingawa moyo wenyewe leo haunipi ushirikiano.

Hivi, ndugu zangu, mzee wa kanisa kazi yake ni nini? Mgeni akikaa nasi Jumapili mbili tu ataamini kwamba ni mtu anayetangulia kukaa, anayetangulia kupewa chai, na anayefunga maombi kwa sauti nzito wakati wengine miguu imeshawafa ganzi. Nakumbuka kikao chetu kimoja kilianza saa tatu asubuhi kikaisha saa nane mchana, na ajenda ilikuwa nani kati yetu akae mwanzo wa safu. Mgonjwa aliyetuomba tukamwombee siku ile alisubiri mpaka akapona mwenyewe. Tukaandika kwenye taarifa kwamba huduma imefanyika.

Lakini nililosimama kulisema ni la mwaka jana, siku ile ya ibada ya kuoshana miguu. Baraza liliamua kuonyesha unyenyekevu, tena kwa kupiga kura. Vikapangwa viti kumi na viwili hapa mbele, yakachaguliwa majina kumi na mawili, kila mzee na mtu wake, na Jumapili iliyotangulia likasomwa tangazo: watakaooshwa miguu wafike wakiwa wamekwisha kuiosha, na wasisahau kuipaka mafuta. Mnacheka? Siku lilipotangazwa hakucheka mtu. Ninajua, kwa sababu msomaji nilikuwa mimi.

Basi wakaja, miguu inang'aa kama vyombo vya wageni. Mwenyekiti wetu alivaa glovu. Maji yalipashwa moto, na si kwa ajili ya miguu ya mtu, ni kwa ajili ya vidole vyake. Akadondosha matone mawili juu ya kidole gumba cha mkurugenzi mmoja, akapigwa picha, akainuka ameshika kiuno kama aliyelima ekari nzima, akapigiwa makofi.

Mtu wangu mimi, mwalimu mkuu, hakufika, na kiti cha kumi na mbili kikabaki kitupu. Sasa, asubuhi ile choo cha akina mama kilikuwa kimeziba, na aliyeitwa kukizibua ni fundi bomba wetu, yule aliyekuwa akikaa safu ya mwisho ili asichafue zulia. Alipomaliza kazi akaingia kwa mlango wa pembeni, akaona kiti hakina mtu, akakaa. Akavua mabuti yake, na mabuti yalikuwa yameingia maji. Maji ya wapi, mnajua.

Nikainama na beseni langu, taulo begani, kamera inanitazama. Nikamwambia kwa sauti ndogo, "Kaka, nenda kwanza kaoshe miguu, halafu uje nikuoshe."

Akasema, "Sawa, dada. Samahani." Akabeba mabuti mkononi, akatoka. Sisi tukaimba. Hajarudi mpaka leo, na katika vikao vyote vya mwaka mzima hakuna mzee aliyeuliza yuko wapi, mpaka choo kilipoziba tena.

Mmeniandalia cheti chenye fremu, kimeandikwa "Mtumishi Mnyenyekevu". Naomba nisikipokee. Kitundikeni kule chooni, ndiko mtumishi alikokuwa.

Nanyi mnaosimikwa leo, ndugu seremala, ndugu dereva, na mdogo wangu muuguzi, msijifunze chochote kwetu. Sisi tulitaka sifa ya kuinama, magoti yakiwa makavu.

Juzi nilikwenda kwa yule fundi bomba. Mkewe akanipa kigoda, mwenyewe akaniuliza hali ya watoto wangu. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniumiza. Alisema tu, "Dada, nilikwenda kuosha kweli. Nikafungua bomba la nje, nikawasikia mmeshaanza wimbo. Nikaona mnaendelea vizuri bila mimi." Nililia mbele ya watu wazima wale, sioni aibu kusema. Nikamwomba aje leo, atoke kazini moja kwa moja, asipitie bombani. Hakuniambia ndiyo, wala hakuniambia hapana.

Mwenyekiti, kiti hicho kitupu hapo mbele, ambacho umeuliza mara mbili ni cha nani, ni chake. Beseni liko chini yake. Asipokuja, ibada ikiisha nitalibeba kichwani, nipite nalo barabarani mchana huu mpaka kwake, na atakayetaka kupiga picha apige.

Kwa kunivumilia, nimeshukuru. Mliokaa karibu na mlango wa pembeni, naomba muuache wazi.