Foleni ya Mwalimu Hezron Osea Simbeye (1971–2015)

Mchungaji, wazee wa ukoo, walimu, wanafunzi, na ninyi madereva mlioacha magari Mpemba mkapanda mpaka hapa kijijini Ruanda, familia inaomba usikivu wenu, tusome maisha ya ndugu yetu kama alivyoyaishi, bila kupunguza na bila kupamba, kwa kuwa yeye mwenyewe hakupenda ramani iliyopambwa.

Hezron Osea Simbeye alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 hapa Ruanda, Mbozi, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa mzee Osea Simbeye na mama Tabita, wakulima wa kahawa. Alisoma shule ya msingi hapahapa kuanzia 1979 hadi 1985, akamaliza kidato cha nne mwaka 1989 na cha sita mwaka 1992, na baada ya mafunzo ya ualimu akaajiriwa tarehe 8 Januari 1996 kufundisha Jiografia, kwanza vijijini Mbozi, na tangu mwaka 2004 katika sekondari moja ya Mpemba, Tunduma.

Jumamosi ya tarehe 20 Desemba 1997 alifunga ndoa na Ketrina, wakajaliwa watoto wawili, Elina mwaka 1999 na Wiliam mwaka 2003, na walipohamia Mpemba Ketrina akaanza kuwapikia madereva wa malori wanaosubiri kuvuka mpaka, kazi anayoifanya hadi leo.

Jambo lililomnyima mwalimu raha ni kwamba wanafunzi wake waliwauzia mayai ya kuchemsha madereva wa Lubumbashi kila siku, lakini ukiwapa ramani hawakujua Lubumbashi iko upande gani. Hivyo mwaka 2008, akiwa na miaka thelathini na saba, alianza kwenda Mbeya kila mwisho wa wiki kujifunza kompyuta, akarudi na nia ya kutengeneza gemu la kuchezwa na watoto wanne kwa pamoja, kila mmoja na lori lake, wakitoa mzigo bandarini Dar es Salaam kuupeleka Lusaka, Lubumbashi na Harare, na lori halisogei mpaka mchezaji ajue mto anaouvuka, mlima anaoupanda na zao la mahali alipo. Alizunguka maegeshoni na daftari akiwahoji madereva, na Seleman Uledi, dereva kutoka Tanga, ambaye tunaye hapa, alimwambia, "Mwalimu, ramani yako imelala chali, mimi huo mlima naupanda na tani thelathini," ndipo akaianza kazi yote upya ili aweke miinuko.

Miaka ile ilimchosha, umeme ulikatika, kompyuta mbili kuukuu ziliungua, na barua saba alizoandika kuomba msaada zilijibiwa kwamba suala lake linashughulikiwa. Tarehe 12 Septemba 2011, wanafunzi wanne walipokaa kucheza kwa mara ya kwanza, malori yote yalifika Tunduma yakasimama, kwa sababu mwalimu, kwa kupenda ukweli, alikuwa ameiweka foleni ya mpakani kama ilivyo, na kengele ya kipindi ikalia hakuna aliyevuka. Jenista, wa kidato cha pili, akasema, "Mwalimu, foleni tunayo hapo nje, umetuletea na ndani?" Darasa likacheka, naye akarudi nyumbani hakugusa chakula, akataka kufuta kila kitu. Ketrina akamwuliza, "Baba Elina, wewe umeshaona dereva gani anakaa foleni amefunga mdomo?" Swali hilo ndilo lililoliokoa gemu, kwani foleni aliiacha, ila wachezaji wakawa wanaulizana wakiwa humo, na anayemfundisha mwenzake asilolijua, wanasogea wote wawili.

Tarehe 3 Mei 2013 iligundulika kuwa figo zake zimeharibika, akaambiwa apumzike, akapumzika na kompyuta juu ya magoti, maana alibakiwa na haja moja tu, watoto wa Tunduma na wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, walicheze pamoja angali hai. Mtandao wa kuunganisha shule hizo mbili haukupatikana. Jumamosi ya tarehe 19 Septemba 2015 walimu wenzake, waliochoka kusubiri, walibeba kompyuta nne hadi sebuleni kwake, wakaziunganisha kwa nyaya, wakaja watoto wawili kutoka kila upande. Yeye alikuwa chumbani, hawezi kuinuka, akisikia Kiswahili na Kibemba vikibishana juu ya Mto Zambezi, akauliza, "Wameshavuka?" Ketrina akamjibu, "Bado, wanaulizana." Akasema, "Waache," akalala.

Alifariki hospitalini Mbeya, Ijumaa ya tarehe 2 Oktoba 2015, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka arobaini na minne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani wa Mpemba walioteka maji na kuleta kuni, walimu wenzake, walimu wa Nakonde, na madereva, ambao ndio waliokuwa vitabu vyake.

Hezron, umesubiri kwa uvumilivu, zamu yako imefika, sisi tungali foleni tunaulizana. Pumzika kwa amani.