Siku Hiyo Hiyo: Maisha ya Mama Felicitas Kokushubila Rwegoshora

Mama Felicitas alizaliwa tarehe 14 Agosti 1979, Kamachumu, wilayani Muleba, akiwa binti wa tatu wa hayati Mzee Edgar Kaijage na Mama Clara. Akiwa na miaka minne, surua ilimwondolea uwezo wa kuona.

Alisoma shule za bweni zilizopokea wanafunzi wasioona. Alipokuwa kidato cha nne, kitabu chake cha historia cha nukta nundu za kusomwa kwa vidole kilifika mtihani wa taifa ukiwa umekwisha.

“Asante, mwalimu,” alisema akikipokea. “Nitakisoma nikiwa bibi.”

Alifaulu kwa kusomewa na wenzake. Lakini tangu siku hiyo alikuwa na nia moja: mtoto asiyeona apate kitabu siku hiyo hiyo anayokipata mwenzake.

Baada ya kuhitimu shahada ya ualimu, alifundisha sekondari moja ya Temeke kuanzia mwaka 2006. Huko alipata kompyuta inayosoma maandishi kwa sauti, naye akaanza kusahihisha vitabu vilivyoskaniwa ili iwasomee wanafunzi wasioona. Namba za kurasa zilijipenyeza katikati ya sentensi. Yeye alizisikia, akazitoa. Vichwa vya habari alivipanga ili msomaji avirukie kwa kitufe kimoja. Aliiendesha sauti ile kwa kasi hadi wageni wakadhani redio imeharibika.

Tarehe 8 Desemba 2007 alifunga ndoa na Bwana Valerian Rwegoshora, mwenye duka la fotokopi Buguruni, wakaweka makazi Tabata. Bwana Valerian ndiye aliyeskani vitabu. Siku moja alimkuta mkewe akicheka peke yake.

“Mama Hope, kuna nini?”

“Baba Hope, njoo usikie! Moyo husukuma damu kwa kutumia samadi ya ng’ombe!”

Bwana Valerian alikuwa ameskani kwa pamoja kurasa mbili za kitabu cha shule ya msingi, ya moyo na ya mbolea, na mashine ikasoma mstari wa kushoto ikaunganisha na wa kulia.

“Basi wagonjwa wa moyo tuwapeleke zizini,” akajibu, akarudi dukani kuskani upya.

Mwezi Mei 2024 Mama Felicitas aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Vitabu vipya vya kidato cha kwanza vilikuwa mezani vikisubiri kusahihishwa, na shule zingefunguliwa Januari. Muuguzi alimsihi apumzike.

“Napumzika, dada. Ni vidole tu vinafanya kazi.”

Akamaliza. Shule zilipofunguliwa, mwanafunzi wake wa zamani, Mwalimu Lusungu, ambaye naye haoni, alimpigia simu akiwa darasani: “Shikamoo, Mama! Wanangu wanasoma! Wenye macho bado wanagombania nakala!”

Mama alicheka mpaka akaomba maji.

Alifariki nyumbani, Jumanne tarehe 11 Februari 2025. Ameacha mume, watoto wawili, Hope na Cyprian, mama mzazi na ndugu wanne.

Wasifu huu uliwafikia wanafunzi wake wasioona kwenye simu alfajiri ya leo, karatasi zikiwa bado kwa mchapaji. Wale walioketi kushoto, wenye spika za masikioni, wameshaumaliza; ndiyo maana wamecheka kabla yetu.

Pumzika kwa amani, Mama Hope. Wasifu wako umewafikia siku hiyo hiyo.