Umri Alioutaja Cleophus Wardlow

Kwa miaka thelathini na minane Bi Ozella Wardlow amejiuliza kwa nini mumewe, aliyeshauriwa na timu nzima aseme ana miaka ishirini na sita, alimtajia msaka wachezaji wa klabu ya Wazungu umri wake wa kweli, na leo marehemu anazikwa na jibu lake.

Mzee Cleophus Wardlow alizaliwa tarehe 3 Machi 1914 huko Uniontown, Alabama, akasoma shule ya kanisa hadi darasa la sita, akaajiriwa katika kiwanda cha mabomba ya chuma mjini Bessemer, na Aprili 1935 akajiunga na Wahunzi wa Bessemer, timu ya besiboli ya watu weusi, akiwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji. Alidaka misimu kumi na mitano, akavunjika vidole vitatu, akalala ndani ya basi na kula dagaa wa kopo kando ya barabara kwa kuwa hoteli hazikumpokea mtu mweusi, na magazeti ya mjini hayakuandika hata pigo lake moja.

Alifunga ndoa na Bi Ozella tarehe 12 Juni 1938, wakajaliwa Vernetta, Alonzo na Ruby.

Jumapili, tarehe 15 Agosti 1948, alikuja msaka wachezaji yule na nafasi ambayo ingemtoa kiwandani, marehemu akapiga mipira miwili ikavuka uzio, akaulizwa umri, akasema thelathini na minne, na klabu ikamchukua mrushaji wa miaka ishirini aliyefundishwa naye. Mkewe alimuuliza, "Wewe mwanamume, nani kakutuma useme?" naye akajibu, "Si ameniuliza, Ozella? Nipakulie chakula."

Alibaki kiwandani hadi 1979, vumbi likamla mapafu, akafariki Jumapili, tarehe 9 Novemba 1986, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kukesha nasi, wafanyakazi wenzake, na Wahunzi wanne waliosalia, ambao watabeba jeneza.

Klabu ile ile imeleta bendera yake ifunike jeneza, aliyeileta ni muungwana na hatuna neno naye, lakini familia ilikaa jana ikaamua kwamba waliomkataa akiwa mzima wasimwite wao akiwa maiti, na asubuhi hii Bi Ozella mwenyewe ameikunja, akatembea nayo hadi mlango wa kanisa, akamrudishia mkononi. Lala kwa utulivu, Cleophus.