Ruhusa ya Kufunga Zipu

RISALA YA WAZAZI NA WALEZI WA VIJANA TISA WANAOPANDA MLIMA WAKATI WA THELUJI, KWA MKURUGENZI MKUU WA KIWANDA CHA MABLANKETI, SIKU YA KUKABIDHI BENDERA

Mgeni rasmi, Mkurugenzi Mkuu wetu, kabla hatujakukaribisha kuna jambo limetukaa kooni, na likiendelea kukaa hapo salamu haitapita.

Getini pa kiwanda kuna mama anauza chai. Juzijuzi alinimiminia kikombe, akaniinamia, akasema, "Umesikia? Atakayegeuka njiani huko mlimani, asigeukie kiwandani."

Nikamwuliza, nani kasema?

"Watu."

Watu gani?

"Dada, kunywa chai, inapoa."

Nikaenda kwa mlinzi. Akasema, "Mama, mimi nalinda geti. Maneno yanapita yenyewe." Nikapanda kwa afisa utumishi. Akanikaribisha kiti, akafunga mlango, akasema, "Huo uvumi si rasmi."

Nikamwambia, "Si rasmi, au si kweli?"

"Mama, nimeshakujibu. Si rasmi."

Nilishuka ngazi na neno lile, nikalala nalo, nikaamka nalo. Nikawauliza wazazi wenzangu, kumbe kila mmoja ameshaambiwa na mtu wake. Ndipo tukakaa, na ndipo risala hii ikaandikwa.

UKARIBISHO

Mgeni rasmi, sasa karibu. Karibu sana. Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi za ghorofani ukashuka hadi huku chini kwetu, ukumbi wa chakula, ambako viti tumevipangusa na spika tumeiazima.

Mimi ninayesoma nina elimu ya shule ya msingi tu. Nimechaguliwa kwa sababu sauti yangu inafika viti vya nyuma hata umeme ukikatika. Nikikosea herufi nisamehewe. Nikikosea adabu, naomba nikumbushwe nikishamaliza.

HISTORIA FUPI YA SAFARI

Safari hii ilizaliwa kwenye kikao cha mauzo. Blanketi letu jipya, lile zito la pande mbili, lilikuwa limejaa stoo hadi panya wameanza kuchagua rangi. Ikasemwa tutoe kalenda yenye picha ya blanketi kwenye theluji. Mtu wa matangazo akashauri tumwage pamba nyuma ya stoo, tupige picha, tumalize. Ukakataa, mgeni rasmi. Ukasema kiwanda hiki hakidanganyi wateja, kwamba picha itapigwa kileleni, na wewe mwenyewe utakuwepo, umejifunika. Watu wakapiga makofi.

Ukasema pia kwamba tutakwenda majira ya theluji nzito, kwa sababu miezi mingine mlima ule unafanana na kilima chochote. Makofi tena. Wengi waliopiga yale ya pili walikuwa hawajajua kwamba mikono ileile ndiyo itakayobeba marobota.

Wakatakiwa watu wa kujitolea. Wa kujitolea wakateuliwa jioni ileile, tisa, kila kitengo mmoja. Kitengo cha kukunja akateuliwa mwanangu wa mwisho. Hapa kiwandani mnamwita Sawa-Sawa, kwa kuwa hajawahi kumjibu mkubwa neno lingine. Ukimwambia ahamishe bunda, sawa. Ukimwambia alirudishe, sawa. Nyumbani tulidhani ni tabia njema.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, maandalizi yamefana. Iliundwa kamati ya wimbo, kamati ya sare, kamati ya keki na kamati ya mapokezi. Wimbo uko tayari, una beti nyingi zinazokutaja. Kamati ya mapokezi imeshapanga nani akae hema gani siku ya kurudi, na nani akuvike shada. Tuliuliza kamati ya kumteremsha mtu akizidiwa inakutana lini. Tukaambiwa jambo hilo litaingia kwenye mengineyo.

Mazoezi ya miguu yalifanyika kwenye ngazi za kiwanda, vijana wamebeba marobota mgongoni, kwa sababu lifti ilikuwa na shughuli ya kupandisha wakaguzi wa mazoezi.

Mazoezi ya baridi yalifanyika kwa jirani yetu mwuza nyama, ndani ya chumba chake cha barafu. Walisimama kati ya mbavu za ng'ombe wakiimba ule wimbo. Mwuza nyama alivumilia, mwishowe akafungua mlango akasema, "Jamani, wateja wananiuliza nimeanza kuuza nini humu kinachoimba." Zoezi likahesabiwa limekamilika.

Viatu vimenunuliwa, vizuri, vya ngozi, vya meno chini. Vyote ni saizi ya mguu wako, mgeni rasmi. Afisa manunuzi alituonyesha: kililetwa kiatu cha sampuli, ukakijaribu, ukasema kinafaa, na kilichopitishwa ndicho kinachonunuliwa. Tukamwambia miguu ya hawa watoto haikupitishwa pamoja na kiatu. Akasema, "Mama, wavae soksi nyingi." Msichana wa kitengo cha rangi ana mguu mdogo kama sabuni ya kipande. Amejaza vitambaa vya pindo ndani ya kiatu mpaka sasa ana kiwanda kidogo mle.

CHANGAMOTO

Afisa uhusiano alitushauri kichwa hiki kiitwe Fursa. Tulijaribu. Tukaandika, "Fursa ya kwanza, mtoto kuganda vidole," tukaona hakisomeki.

Mgeni rasmi, sare ni fulana yenye uso wako kifuani, unatabasamu. Ni picha nzuri, hata mama mkwe wangu aliisifu. Lakini afisa itifaki ametoa maelekezo kwamba uso wa Mkurugenzi usifunikwe mbele ya watu. Kwa hiyo makoti ya baridi yapo, mazito, na yanavaliwa. Ila zipu haifungwi.

Siku ya mazoezi ya mwisho mlikwenda kile kilima chenye minara ya simu. Wazazi tulifuata kwa nyuma na chupa za chai. Kulikuwa na upepo na manyunyu. Vijana walifika juu mapema, wamelowa jasho, na wewe ulikuwa bado unakuja taratibu. Itifaki inasema hakuna kuketi, kula wala kushuka kabla mgeni rasmi hajafika. Wakasimama mstarini, zipu wazi, jasho likawapoa mwilini. Miguuni pao pamewekwa robota la mablanketi mazito ya pande mbili, limefungwa nailoni.

Yule msichana wa rangi akanyoosha mkono.

"Weee!" msimamizi akamkemea. "Hilo ni la picha!"

"Najifunika miguu tu, kaka."

"Likiingia tope utalifua wewe?"

"Si tunatengeneza mengine?"

"Hayo mengine hayajapangiwa kilima hiki."

Sisi na chai yetu tulizuiwa chini kidogo, kwa kuwa chai nayo ilikuwa inakusubiri wewe. Ulipofika, ukawatazama, ukauliza kwa upendo kabisa, "Vijana, mko sawa?" Wakajibu kwa pamoja, "Sawa!" Wangu ndiye aliyepaza sauti kuliko wote.

Alirudi nyumbani hawezi kufungua kamba za viatu. Vidole vilikuwa vimekakamaa kama vya mdoli. Nikapiga magoti nikamfungulia mimi, kama zamani akitoka shule. Namwuliza, "Unaumwa?" Meno yanagongana, ananiambia, "Niko sawa, mama." Akakohoa hadi baba yake akazima redio kumsikiliza. Kikohozi hicho hakijaondoka. Sasa hivi tunavyozungumza amekaa safu ya pili, mashavu yamejaa, anakimeza kisitoke mbele yako. Mwanangu, kohoa tu. Risala ni ndefu.

Jambo lingine ni la mwongozaji wa mlima, yule dada mliyemwajiri, ambaye ameshapandisha na kushusha watu wengi kwenye theluji. Alikuja kutoa mafunzo, na ratiba ikampa nafasi baada ya neno la shukrani, viti vikiwa vinakusanywa. Mimi nilikuwa nyuma nafuta vikombe, nikamsikia. Alisema kule juu anayesimama na jasho hupoa upesi, kwa hiyo nguo ifungwe kabla baridi haijaingia, si baada. Alisema kichwa kikiuma na mtu akianza kuyumba, dawa yake ni kushuka, na hashuki peke yake. Halafu akauliza, "Hali ya hewa ikichafuka nikasema tunageuka, nani hapa atamwambia bosi?"

Wote wakatazama viatu vyao vikubwa.

Msimamizi akasema, "Bosi hageuki."

Yule dada akasema, "Basi nitafutieni kazi nyingine. Hiyo siiwezi."

Wakacheka wakidhani ni utani. Yeye hakucheka. Alikuwa anakunja kamba yake.

MAOMBI

Mgeni rasmi, hatukuja kuzuia safari. Tunakula kwa mablanketi, tungependa yanunuliwe. Maombi yetu ni haya.

Tunaomba useme leo, hapa, kwenye hii spika ya kuazima, kwamba atakayegeuka ataikuta kazi yake palepale. Useme kwa mdomo wako, ili liwe rasmi, afisa utumishi apumzike.

Tunaomba ruhusa ya kufunga zipu juu ya uso wako. Tunakuahidi hatutakusahau ukiwa ndani ya koti. Zaidi ya hapo utapata joto.

Tunaomba robota lifunguliwe kabla ya kilele, pale penye baridi, na anayetetemeka ajifunike. Blanketi likichafuka, mpigapicha apige upande wa pili. Ndiyo maana likawa la pande mbili.

Tunaomba yule dada apewe nafasi ya kwanza kwenye ratiba, na akisema tugeuke, iwe kama umesema wewe.

Ombi linalofuata si la kikao, ni langu, na wenzangu wameniruhusu. Naomba Sawa-Sawa abaki hadi kifua kipone. Yeye hataomba. Nikimwambia aombe, ananijibu mnavyojua anavyojibu.

La mwisho lililetwa na mtu mwingine. Kwenye kikao chetu alikuja mama mmoja mtu mzima, amejitanda blanketi letu la zamani, lile la mistari lililoacha kutengenezwa. Tukamsogezea kiti, tukamwuliza, "Na wewe mama una mtoto anapanda?"

"Ninaye. Ana goti bovu tangu alipoanguka na baiskeli, na najua hajawaambia."

"Yuko kitengo gani?"

Akasema, "Cha juu kabisa."

Mgeni rasmi, amekaa pale, safu ya mbele, mwisho kabisa karibu na dirisha. Mpungie mkono, usione haya. Ametueleza kwamba tangu mdogo, ukishasema jambo mbele ya watu huwezi kurudi nyuma hata iweje. Kwamba uliwahi kuwaambia watoto wenzako utatafuna pilipili nzima, ukaitafuna, machozi yanakutoka, na yeye alipokuuliza ukamwambia uko sawa.

Tukatazamana. Kumbe Sawa-Sawa wako wawili, na mmoja ndiye anayeongoza msafara. Kwa hiyo tumebadilisha kichwa cha daftari la wazazi. Vijana hawa si tisa tena. Ni tisa na wewe wa kumi, na yote tuliyowaombea wao tumekuombea wewe.

DUA NA MAONYO

Sisi Wazazi na Walezi wa Wapanda Mlima wa Kiwanda cha Mablanketi, pamoja na mama yako, tunawaombea kwa Mungu pumzi ya kutosha na aibu iliyopungua. Awape theluji ya picha, asiwape ya kuwafunika. Awashushe kwa hesabu ileile aliyowapandisha. Tumekubaliana tusimalizie kwa wimbo. Tunamalizia kwa mambo ya kuepuka, ili ndiyo yawe ya mwisho masikioni mwenu.

Epukeni kuvaa kiatu cha mwenzenu.

Epukeni kusimama na jasho mkimsubiri mkubwa. Mkubwa atafika, na asipofika shukeni mumtafute.

Epukeni kuimba mnapopanda.

Epukeni kutetemeka mmebeba blanketi.

Epukeni kumwacha anayeyumba ashuke peke yake.

Epukeni kubishana na yule dada.

Epukeni kuuliza, "Mko sawa?" Mgeni rasmi, waambie wavue glavu mmojammoja, uwatazame vidole, kisha wazivae upesi.

Epukeni kuona aibu kugeuka. Hili mama yako ndiye aliyetaka tuliweke mwisho. Amesema siku ya kurudi hatakaa hemani kwenye keki, atakuwa getini kwa mama wa chai, na hatakuuliza kama mlifika kileleni.