Mama Nionyeshe na Chumba cha Betri

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kutushika mkono, mimi ni mdogo wake anayemfuata, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Nionyeshe, kwa sababu ukimwambia jambo lolote, hata kwamba nje mvua inanyesha, alijibu, "Nionyeshe."

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Juni 1961, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkewe, akasoma shule ya msingi karibu na nyumbani, kisha sekondari ya bweni ya wasichana aliyomaliza mwaka 1980, na mwaka uliofuata akaajiriwa mtunza stoo katika kiwanda cha chakula cha mifugo, ambako alifungua kila gunia aliloambiwa limejaa, hadi madereva wakamwogopa kuliko meneja. Mmoja wao alimwogopa na kumpenda kwa pamoja, wakafunga ndoa tarehe 16 Agosti 1986, wakajaliwa mabinti wawili na mtoto wa kiume, wote wako hapa mbele.

Kiwanda kilipofungwa mwaka 2009 walihamia shambani, dada akaanza kufuga kuku, na kwa kuwa nguzo za umeme ziliishia barabara kuu, mwaka 2016 alimwita fundi wa sola, naye akafunga paneli juu ya banda na kupanga betri katika chumba kidogo cha matofali, ili mchana jua liendeshe pampu na kuzijaza betri, na usiku betri ziipe joto mashine ya kutotoleshea vifaranga. Mama mkwe wake, anayeishi nyumba ya uani, alikataa katakata kuingiziwa waya, akatuambia sote, "Jua ni la Mungu, anayekuuzia jua ni tapeli."

Mwezi haukuisha, asubuhi moja dada akafungua mashine akakuta mayai yote ya baridi, mengine vifaranga vimeshaanza kuyadonoa kwa ndani, akaketi sakafuni akalia, kisha akafunga kitambaa kichwani akaenda moja kwa moja dukani kwa fundi, saa ambayo mtaa umejaa watu. "Umeniuzia betri zilizochoka, ukazipaka rangi!" Fundi akamwambia, "Mama, twende tukazipime wote wawili." "Wewe muuzaji, wewe mpimaji, mimi nishike lipi?" Maneno yale yalisambaa, na shule moja iliyokuwa imeahidi kumpa fundi kazi ikampa mwingine.

Betri ziliendelea kuisha kabla ya alfajiri, dada akamshuku mlinzi, akamshuku jirani, akanishuku hata mimi niliyekuja kuchaji simu, akinikodolea macho mpaka nikaichomoa ikiwa nusu. Ndipo mvua kubwa ikanyesha, udongo ukatitia kwa mstari kando ya ukuta wa chumba cha betri, naye akachukua jembe, akafukua waya, akaufuata hatua kwa hatua hadi kwa mama mkwe, akafunua pazia, akakuta friji kuukuu ikinguruma. Shemeji yangu, aliyeniruhusu kulisema hili leo, ndiye aliyeuchimbia waya ule kwa siri, kwa kuwa mama yake aliona haya kuomba kitu alichokitukana. Mama mkwe alimtazama dada, akasema tu, "Mwanangu, maji ya baridi ni matamu."

Dada alirudi kwa fundi saa ileile ya watu wengi, akasema kwa sauti, "Nilikuchafua hadharani, nakuomba radhi hadharani, betri zako nzima." Fundi akajibu, "Nimesikia, mama, ila shule ile haijarudi." Dada akapanda hadi kwa mwalimu mkuu wa shule ile, akarudi tena, na tena, mpaka fundi akapewa kazi ya mabweni, na baadaye fundi huyohuyo akamfungia mama mkwe paneli na betri yake mwenyewe.

Mwaka 2022 mapafu ya dada yalianza kudhoofika, madaktari wakamruhusu kukaa nyumbani na mashine ya hewa, na ilipoonekana betri haziitoshi mashine usiku kucha, mama mkwe alichomoa friji kwa mkono wake, akamwamuru fundi, "Chukua na ya kwangu, uziunge."

Sasa, tangu juzi nasikia minong'ono hapa uani, kwamba mashine ilizimika, kwamba betri zilikuwa mbovu, na nawaona mnavyomtazama fundi, hata kiti cha pembeni yake hakuna anayekikalia. Dada yetu alifariki tarehe 14 Machi 2024 mchana, jua likiwa kali, nikiwa nimemshika mkono, mumewe na mama mkwe wakiwepo, na mashine iliendelea kunguruma baada ya yeye kunyamaza, hadi shemeji akainuka akaizima mwenyewe. Asiyeamini aje, chumba cha betri kiko wazi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliosomewa maelezo ya kila dawa na mgonjwa wao mwenyewe bila kukasirika, tunawashukuru majirani, wenzake wa kiwandani na wafugaji wenzake, na wewe fundi, tafadhali njoo ukae huku mbele na familia.

Pumzika, dada, kwa amani yote, huko hakuna wa kukudanganya.