Filister Amondi, Mpiga Fidla wa Lindi

Waombolezaji wapendwa, Bwana asifiwe. Kabla ya safari ya kwenda kumzika Kimilili, familia ya Mzee Nicanor Ojwang wa Lindi, na ile ya Vincent Khamala wa Kawangware, zinawasomea maisha ya mpendwa wetu.

Filister Amondi alizaliwa tarehe 9 Aprili 1987 hapa Lindi, Kibera, mtoto wa tatu wa Mzee Nicanor na marehemu mama Rosebella, akasoma shule ya msingi Kibera hadi mwaka 2001, kisha sekondari Kawangware hadi 2005, na katika miaka hiyo baba yake, ambaye ni mzee wa kanisa, alimnunulia fidla kuukuu Soko la Toi ili asindikize nyimbo za ibada.

Mwaka 2012 alijiunga na kikundi kilichopiga muziki wa klasiki katika makumbusho na bustani za jiji, ambapo wapigaji walisimama mbele ya mchoro mmoja, wakapiga, kisha wasikilizaji wakatembea nao polepole hadi mchoro unaofuata. Huko alikutana na Vincent, aliyekuwa akichora mabango ya kinyozi na bucha kabla kazi zake hazijatundikwa ukutani, wakafunga ndoa tarehe 13 Desemba 2014, na Mungu akawapa Whitney na Jeremy.

Mzee aliibariki ndoa, lakini muziki ule hakuubariki, maana alisema fidla iliyonunuliwa kwa ajili ya Mungu haifai kupigiwa watu wanaotazama picha. Filister hakumjibu kwa ukali hata siku moja, aliendelea kumwalika kila tamasha, na kila tamasha alipiga akiangalia lango.

Tarehe 20 Mei 2023 mzee alikuja, amevaa suti ya Jumapili, akasimama mbele ya mchoro wa Vincent wa akina mama wakifua nguo Kambi Muru. Sehemu ya kwanza ya muziki ilipoisha watu walinyamaza wakingoja ya pili, na kwa kuwa katika kanisa letu ala ikinyamaza mzee wa kanisa huomba, Mzee Nicanor alivua kofia akaomba kwa sauti, kwa Kiswahili kisha kwa Kijaluo, akiwataja wapigaji, mchoraji, na hata wanaomwagilia maua. Watu walitazamana, mmoja akacheka, msimamizi akaanza kumsogelea, lakini Filister akamzuia kwa upinde wa fidla, akainamisha kichwa, na wenzake wote wakainamisha hadi amina. Msimamizi alipomweleza Filister baadaye kwamba pale hakuombwi, alimjibu, "Mwache baba. Hiyo maombi nimeingoja tangu nianze."

Tangu siku ile mzee hakukosa tamasha, ila alijifunza kungoja mpaka sehemu ya mwisho iishe ndipo aombe.

Filister aliugua saratani ya matiti Novemba 2024, akatibiwa kwa uvumilivu mwingi, na tarehe 17 Septemba 2025, saa nne asubuhi, Bwana alimchukua, mumewe na baba yake wakiwa kando ya kitanda.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Lindi na Kawangware waliopika na kukesha nasi, na wapigaji wenzake, ambao sasa watampigia. Mzee anaomba mmwie radhi, leo sauti haipo. Wapigaji wakinyamaza, tafadhali ombeni ninyi.

Lala kwa amani ya Bwana, Amondi wetu.